Leza ya kuondoa nywele nikiwa na baridi yabisi: mashine sina neno nayo, kitanda ndo kilinitesa

Wiki iliyopita nimemaliza sesheni ya saba ya leza, kwapa, miguu na kidevu, na kwa vile kabla sijaanza nilihangaika kutafuta mtu mwenye ugonjwa kama wangu anihadithie yake ilikuwaje nikamkosa, acha mimi niandike. Kila niliyemsoma anaongelea inauma au haiumi, basi. Hakuna aliyesema unapandaje kile kitanda goti likiwa limegoma kukunja.

Baridi yabisi ninayoisema siyo ile ya uzee ya magoti kusagika, ni ile rumatoidi, ambapo kinga ya mwili wako mwenyewe inakugeuka inaanza kushambulia utando wa ndani ya viungo, vinavimba, vinapata moto, na inapenda kuja pande zote mbili, kifundo cha mkono wa kulia kikianza na cha kushoto hakichelewi. Asubuhi vidole vimekakamaa saa nzima na zaidi, kifuniko cha dawa ya meno ni kazi. Sasa vidole hivyo hivyo vipe wembe.

Kunyoa kwapa kunataka vitu viwili ambavyo mimi sina, bega linalonyanyuka na kidole gumba kinachobana. Mkono mmoja uko juu unatetemeka, wa pili umeshika kakitu kembamba kanakoteleza kwa sabuni, na miguu ndo usiseme, kuinama mpaka kwenye kifundo umesimama bafuni ni kutafuta kuanguka tu. Nilishawahi kuuviringishia wembe kitambaa ili mshikio uwe mnene, ikasaidia kama miezi mitatu hivi. Alafu kuna kujikata. Natumia methotreksati mara moja kwa wiki, na ile dawa kazi yake ni kuituliza kinga, kwa hiyo mkwaruzo wa wembe ambao kwa mwenzangu kesho umekauka kwangu unaweza kugeuka jipu. Nimepata mawili ya kwapani, la pili likanipeleka kwenye antibayotiki, daktari akasema dozi ya methotreksati wiki ile niiruke, na ukiruka dozi viungo havikusamehi. Yaani umenyoa kwapa, wiki mbili baadaye huwezi kushika kikombe! Waksi nilijaribu mara moja tu enzi zile niko kwenye prednisoloni, dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe, na prednisoloni ukikaa nayo muda mrefu ngozi inakuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, basi waksi ikabanduka na nywele na ngozi juu. Na hiyo hiyo prednisoloni ndo ilinipa ndevu. Methotreksati inapunguza za kichwani, prednisoloni inaongeza za kidevuni, sijui nani aliwakutanisha hawa wawili.

Nilipomuuliza daktari wangu wa viungo nilikuwa na aibu kweli, maana pale watu wanaongelea mapafu na ini, wewe unauliza vinyweleo. Hakucheka. Alinieleza kwamba mwanga wa leza ya nywele unaingia milimita chache tu, unakamatwa na rangi nyeusi ya unywele, unageuka joto, na joto hilo ndo linaunguza shina, haufiki kwenye kiungo wala haukaribii, kwa hiyo hautibu ugonjwa na wala hauuchochei. (Wapo watakaokwambia leza inatibu viungo, ile ni leza nyingine kabisa, ya nguvu ndogo, ya kwenye fiziotherapia, usije ukaingia chumba cha nywele ukitegemea kutoka na magoti mapya.) Yeye wasiwasi wake ulikuwa dawa. Methotreksati inaweza kuifanya ngozi ikereke na mwanga kirahisi, naproxeni ya maumivu nayo wapo inaowafanyia hivyo, na doksisaiklini ukiandikiwa kwa ajili ya maambukizi fulani ndo kabisa unatakiwa useme kabla hujalala kitandani. Akasisitiza nisiache dawa hata moja kwa ajili ya urembo, nizitaje zote halafu wajaribu kwanza kwenye kipande kidogo cha ngozi. Kuna kitu kingine aliniuliza sikukitegemea, kama niliwahi kuchomwa sindano za dhahabu, yale matibabu ya zamani ya ugonjwa huu, kwa sababu dhahabu inabaki kwenye ngozi miaka na miaka na kuna leza, hasa zile za mapigo mafupi mno za kufutia tatuu, zikipita hapo ngozi inageuka rangi ya kijivu na bluu. Mimi sijawahi, ila kama mama yako au shangazi alianza kuumwa siku nyingi muulize kabla hajaenda.

Kliniki ya kwanza sikai nayo sana. Fomu yao ilikuwa na kifafa, ujauzito, makovu, hakuna mstari hata mmoja wa dawa. Nikaziandika mwenyewe pembeni kwa mwandiko wangu wa kuku, dada wa mapokezi akasoma akanijibu "hiyo ya mifupa haituhusu dada yangu, sisi ni ngozi". Haya. Nikauliza mashine gani, akasema leza, nikaomba kuiona, nikakuta imeandikwa IPL. IPL siyo leza, ni taa yenye mchanganyiko wa mawimbi, na kwenye ngozi nyeusi kama yangu mwanga mwingi unaishia kwenye rangi ya ngozi kabla haujaufikia unywele, ndo hao unaowaona wana mabaka ya kuungua mashavuni. Nilichukua fomu yangu nikaondoka nayo.

Ya pili ndo niliyobaki nayo na ndo hii ninayoipa maksi. Dada anayeendesha mashine, sio mapokezi, yeye mwenyewe, alikaa chini na mimi kama nusu saa. Aliuliza dawa moja moja, aliuliza nina kovu linalovimba, niliwahi kutoka vipele vya mdomoni (leza ya karibu na mdomo inaweza kuviamsha, na kwa mtu ambaye kinga imetulizwa hicho siyo kitu kidogo), alafu akauliza swali ambalo sijawahi kuulizwa saluni yoyote: siku zako mbaya zinakuwaje? Nikashindwa kujibu kwa muda.

Mashine yao ni Nd:YAG, aina mojawapo ya leza, yenye wimbi la nanomita 1064. Kwa kifupi tu maana wengi wanachanganyikiwa hapa, leza ya aleksandraiti ni 755, ya daiodi iko kwenye 800 na 810, na kadri wimbi linavyokuwa refu ndivyo linavyozidi kuipita rangi ya juu ya ngozi bila kuiunguza, kwa hiyo kwa ngozi nyeusi 1064 ndo salama zaidi. Ubaya wake inauma kuliko zile nyingine na kwenye nywele nyembamba haina nguvu sana. Walinijaribu sehemu mbili, chini ya taya na pembeni ya paja, tukasubiri wiki mbili. Hawakuniharakisha. Hakikutokea kitu zaidi ya kavimbe kadogo kuzunguka kila shimo la unywele, ambako ni kawaida, kesho yake kalikuwa kameisha.

Maumivu. Ni kama cheche za mafuta ya moto zikikurukia, moja moja, na kila cheche unasikia na kaharufu ka nywele zilizoungua. Kidevu ndo kiboko, machozi yanatoka yenyewe hata kama hulii. Lakini niseme ukweli, mtu aliyewahi kuamka saa nane usiku na bega limewaka moto hatishiki na hizi cheche, maana kila cheche inaisha, unajua inaisha, na dada alikuwa ananihesabia. Krimu ya ganzi nilipaka kidevuni tu, kwenye miguu yote walikataa, wakasema ukipaka eneo kubwa hivyo dawa inaweza kuingia mwilini nyingi kupita kiasi, nikaheshimu.

Kilichonishinda kwanza ilikuwa baridi. Kuna bomba linapuliza hewa ya barafu kwenye ngozi ili isiungue, kwa wengine hiyo ndo raha yenyewe, mimi vidole vikipigwa na baridi vinageuka vyeupe kama chaki na baadaye vinauma vikianza kurudisha damu. Sesheni ya kwanza nilitoka sisikii vidole vya mikono. Ya pili nikaja na glavu za sufu na soksi nene mbili, niko nusu uchi na glavu na ile miwani myeusi ya kuzuia mwanga, nilijiona kwenye kioo cha ukutani nikacheka mwenyewe dada naye akacheka ikabidi asimamishe mashine.

Sasa kitanda. Hiki kitanda aliyekichagua anadhani wateja wote ni wachezaji wa sarakasi. Kiko juu, hakishuki, kina ngazi moja ndogo isiyo na cha kushikilia, na godoro lake ni kama umelazwa juu ya kaunta. Kwa leza ya kwapa unatakiwa uweke mkono nyuma ya kichwa utulie, dakika tano au kumi, watu wanaona ni kitu cha bure, bega langu la kushoto linafika usawa wa sikio linagoma. Kwa nyuma ya miguu unalala kifudifudi uso umegeuzia upande, na hapo ndo nilifanya kosa sesheni ya tatu, nikanyamaza kwa kuona haya, nikakaa shingo imepinda kama dakika ishirini na tano, kuamka siwezi kugeuka. Siku tatu. Daktari aliponiona alikuwa mkali kidogo, ugonjwa huu unaweza kulegeza viungo vya juu kabisa vya shingo, pale kichwa kinapokalia, kwa hiyo shingo ya mgonjwa wa rumatoidi siyo ya kupindishwa pindishwa ovyo na ukisikia ganzi mikononi au udhaifu unakimbia hospitali. Na mimi nilikuwa nimejua hilo kabla, ndo kinachoniuma.

Baada ya hapo tukapanga upya, na hapa dada wa watu nampa sifa zake zote kwa sababu hakuna kitabu kilichomfundisha, tuligundua wenyewe. Nyuma ya miguu nalala ubavu, mto katikati ya magoti, anafanya mguu mmoja nageuka anafanya wa pili. Kwapa anafanya kwa vipande, sekunde thelathini mkono juu, unashuka, unapumzika, tunarudi, na mkono hauendi nyuma ya kichwa, unakaa juu ya mto pembeni umekunjwa kiwiko. Goti likiwa limevimba halipiti kabisa siku hiyo, siyo kwamba mwanga unadhuru kiungo, ni kwamba hata kile kichwa cha mashine kikilikandamiza tu unapiga kelele. Vile vinundu vyangu vya kiwikoni, vinavyoletwa na huu ugonjwa, nilimwambia mapema asivisogelee. Na nikisema "ngoja" anasimama hapo hapo, hamalizii mstari. Kufungua vifungo na zipu anasaidia bila kuuliza mara mbili mbili, siku hizi navaa dera tu.

Muda wa kwenda nao una maana. Nilianza na miadi ya saa tatu asubuhi kwa sababu ndo ilikuwa wazi, upuuzi mtupu, saa tatu mimi bado ni mti. Alasiri ndo muda wangu. Na siku ya methotreksati na inayofuata siendi popote, kichefuchefu na uchovu vinatosha.

Kichekesho kikubwa cha leza ni kwamba lazima unyoe. Siku moja kabla, unyoe kwa wembe, zile nywele zisizidi kuonekana juu, ila shina libaki ndani maana ndo linalolengwa, kwa hiyo waksi na uzi na kibano marufuku wiki nne mpaka sita kabla na katikati. Yaani nimekuja kukimbia wembe naambiwa niulete. Miezi miwili ya mwanzo nilikuwa namsumbua mdogo wangu aninyoe, alafu nikauliza kama wanaweza kuninyoa wao, kumbe wanaweza, ni huduma ipo, hakuna aliyenitajia. Ulizeni. Wananyoa na kamashine ka umeme kasikokata ngozi, dakika tano kimeisha.

Malalamiko yangu makubwa ni moja nalo ni la ofisi, siyo la chumba cha leza. Kati ya sesheni ya nne na ya tano ugonjwa ulilipuka, goti la kulia kama tikiti, mikono haifungi. Nikapiga simu asubuhi ya siku ya miadi. Sheria yao inasema ukighairi chini ya saa ishirini na nne sesheni imekwenda. Nikaeleza, nikatuma picha ya goti, meneja akanijibu kwa ustaarabu sana kwamba sheria ni ya wote. Sesheni ikaliwa. Jamani ugonjwa huu hautoi taarifa siku moja kabla, ungekuwa unatoa ningeshapanga maisha yangu vizuri zaidi. Mteja umemuuliza kwenye fomu magonjwa yake yote, ukayajua, alafu unamkata kwa ugonjwa huo huo uliouandika. Kama una ugonjwa wa kupanda na kushuka usilipie furushi zima mwanzoni kabla hujaongea hili na likaandikwa, mimi nililipia nikiwa nimefurahi.

Kuchelewa kwenyewe hakujaharibu kitu kikubwa, hilo nilikuwa naliogopa bure. Nywele hazioti zote kwa pamoja, kuna zinazokua, kuna zilizolala, na leza inaziweza zile zinazokua tu, ndo maana unarudia mara sita mpaka nane, uso kila wiki nne mpaka sita na mwili sita mpaka nane. Mimi nilipitiliza mpaka wiki kumi na moja, zikarudi kidogo, sesheni iliyofuata zikapungua tena.

Matokeo basi. Kwapa, nimefurahi kupita maelezo, zimebaki chache za kuhesabu na zimekuwa laini, na sijapata jipu tangu sesheni ya pili. Kuanzia goti kushuka, nzuri sana, nanyoa labda mara moja kwa miezi miwili na sina haja ya kukazana. Mapaja kawaida tu, nywele zake zilikuwa nyembamba tangu mwanzo. Kidevu ndo kesi. Zile nene nyeusi zimeondoka kama robo tatu, lakini zinazoletwa na homoni au dawa zina tabia ya kuja mpya, na nyeupe mbili tatu nilizonazo leza haizioni kabisa, haina rangi ya kukamata. Pembeni ya shavu dada alitaka "kusafisha" na malaika, zile laini laini, nikakataa na nashukuru nilikataa, usoni na shingoni leza inaweza kuziamsha nywele laini zikawa nene badala ya kufa, inatokea, siyo hadithi. Na msidanganywe na neno milele, ni kupunguza kwa muda mrefu, utarudi mara moja moja kugusia.

Baada ya kila sesheni mimi ni mtu wa kivuli. Kinga jua usoni hata siku ya mawingu, siku mbili bila maji ya moto, na jeli ya kupooza ambayo naiweka nje ya friji kwa sababu nimeshasema mimi na baridi hatuelewani. Nilivyokuwa nasubiri miadi niliazima pia kale kamashine ka nyumbani ka IPL kwa rafiki, kana kitambuzi cha rangi ya ngozi, kaliniwekea taa nyekundu kakakataa kuwaka, nakapongeza kwa ukweli wake. Hata kangekubali, ni kakitu kazito unatakiwa ubonyeze kitufe kwa dole gumba mamia ya mara kwa mguu mmoja. Kwa vidole gani?

Maksi: mashine tano, dada tano na ingekuwepo ya sita ningempa, kitanda mbili, sheria ya kughairi sifuri. Miguu na kwapa nimemaliza, kidevu narudi baada ya wiki tano, miadi ya saa tisa alasiri, na safari hii mto nabeba mwenyewe kutoka nyumbani.